Shiti Haikuachiwa

Jaduong' Okelo alizikwa mwezi uliopita nyumbani kwake karibu na Kendu Bay. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya nne chini ya hema, nikamsikiliza mjukuu wake akisoma historia ya marehemu. Alisoma kwamba babu yake alizaliwa kando ya ziwa, kwamba ujanani alifanya kazi Kisumu katika klabu ya Wazungu waliokuwa wakishindana kwa mashua za tanga, kwamba baadaye alikuwa nahodha wa mashua ya hospitali, kisha akastaafu na kuwa fundi wa nyavu. Hilo neno "akastaafu" lilinichoma. Niliangalia kulia na kushoto kuona kama kuna mwingine aliyeshtuka. Hakuna. Waliojua habari yenyewe wengi wao walikwisha kumtangulia. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliniuliza marehemu alikuwa nani wangu. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja zamani, mwaka mmoja. "Mwaka mmoja tu, na umetoka Migori kuja kumzika?" Nikamjibu kwamba ulikuwa mwaka mrefu. Alinitazama kidogo, kisha akanipa nusu ya leso yake ya karatasi, maana machozi yalikuwa yameanza kunitoka bila mimi kujua.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nimewafundisha watoto wa darasa la sita kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka hufika ile wiki ya maneno yenye maana nyingi. Neno moja nililokuta vitabuni na ambalo sijapata kuliruka ni shiti. Watoto hucheka kwanza, kwa sababu ukilitamka vibaya linakuwa tusi, kisha mikono inainuka. Shiti ya kitanda, mwalimu. Shiti ya karatasi, ile tunayojibia mtihani. Shiti ya bati. Mwaka mmoja mtoto wa askari alisema kuna shiti ambayo polisi huandika makosa ya mtu kabla ya kumpeleka kortini, nikamsifu mbele ya wenzake. Yote hayo huyaandika ubaoni, na watoto huyanakili. Iko maana moja zaidi, ya mabaharia, ambayo sijawahi kuiandika hata mara moja, ingawa ndiyo ninayoijua kuliko zote. Shiti ni kamba. Ni ile kamba inayofungwa kwenye pembe ya chini ya tanga na kuja mpaka mkononi mwa mtu aliyeketi nyuma. Ukiivuta, tanga linashika upepo. Ukiiachia, tanga linautema, na mashua inatulia. Nilijifunza hayo nikiwa na miaka kumi na tisa, siku tatu kabla ya maiti ya Mical kupatikana.

Habari za kwetu sitazieleza. Inatosha kusema nilitoka Ogwedhi, mahali pa soko la ng'ombe, mbali na ziwa, na kwamba mimi ni Mkuria. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri ya Kiingereza na mbaya za masomo mengine, na nilikuwa nimepata kazi ya kufua nguo katika hospitali ndogo ya misheni ufuoni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mji wa Kendu Bay. Kijaluo sikukijua. Waliniita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na walisema nami kwa Kiswahili cha sokoni, kile kinachoshika njia ya mkato. Niliwaona kama watu wasiojua lugha. Nasema hivi kwa aibu, lakini lazima niseme, maana yote yaliyofuata yalitokana na kiburi hicho.

Chumba nilichopewa kilikuwa cha mabati, nyuma ya chumba cha kufulia, na ndani mlikuwa na vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, na msumari mmoja mlangoni wa kutundikia nguo. Kitanda cha pili kilikuwa cha Mical. Yeye alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwenye mwanya, na mikono iliyopasuka-pasuka kwa dawa ya madoa. Swali lake la kwanza kwangu, hata kabla sijaweka mzigo chini, lilikuwa kama najua kuogelea. Nikasema hapana, kwetu hakuna ziwa. "Basi usikaribie maji mpaka nikufunze," alisema. Hakunifunza. Nilikuja kujua baadaye kwamba hata yeye hakujua. Jioni hiyo alikaanga omena, dagaa wa ziwani, kwa nyanya na kitunguu, akapika kuon, ugali wa mtama na muhogo, akaniwekea mbele. Nilipoyaona yale macho madogo mengi yakinitazama kutoka kwenye sahani nilishindwa. Mical alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Nyinyi watu munakula ng'ombe mzima na pembe yake, halafu unaogopa kitu kadogo hivi?" Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nagombania ukoko wa sufuria.

Kazi yetu ilikuwa shiti. Siku hizo wadi zilikuwa zimejaa ule ugonjwa ambao watu waliutaja kwa mafumbo, kitanda kimoja kikilaliwa na wagonjwa wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Kila asubuhi tulipokea matita ya shiti zilizolowa kila kitu kinachoweza kutoka katika mwili wa binadamu. Tulizikoroga kwa mti ndani ya mapipa ya maji moto, tukazisuuza kwenye birika la saruji, tukazianika kwenye waya kati ya nyumba na ziwa, kisha tukazipiga pasi ya makaa. Ukuta wa chumba cha kufulia uliungana na wadi ya wanaume, na kwa kuwa ulikuwa wa mbao, tulisikia kila kitu. Tulisikia wake wakiambiwa waende nyumbani wakajiandae. Tulisikia ndugu wakibishana nani atamchukua mtoto yupi, na baba wa watoto hao yuko hai, amelala pale pale katikati yao. Siku moja mama mzee alikuja mlangoni petu akiwa ameshika mkoba mtupu. Mwanawe alikuwa amefariki asubuhi, na hakuwa na kitu cha kumfunikia njiani. Sheria ya matroni ilikuwa kwamba shiti ya hospitali haitoki getini, hata kwa maiti. Mical alichukua shiti nzima, safi, akaipasua ukingoni kidogo, upana wa kidole. "Hii imeraruka," aliniambia. "Imeraruka, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Akamfungia yule mama, na katika daftari la matroni akaandika kwamba shiti moja imeraruka. Nilimwuliza kwa nini asingeandika tu bila kuipasua. Alinijibu kwamba yeye hapendi kudanganya.

Mashua ya hospitali ilikuwa na injini wakati fulani, lakini injini ilikwisha kufa kabla sijafika, na aliyebaki kuiendesha kwa tanga ni Jaduong' Okelo. Jaduong' ni mzee wa heshima, na hakuna aliyemwita vingine. Kila Jumatano alivuka ghuba kwenda zahanati ya ng'ambo, ambako barabara ilikatwa na maji mvua ikinyesha, akipeleka dawa na shiti safi na kurudi na chafu. Mmoja wetu alilazimika kwenda kusaidia kubeba, na kwa kawaida alikwenda Mical kwa sababu mimi niliogopa. Jaduong' alikuwa mtu wa maneno machache na sauti ya chini. Lakini Mical aliniambia kwamba upepo ukichachamaa alibadilika akawa mtu mwingine. Alianza kupiga kelele kwa yale maneno ya Kiingereza aliyofundishwa na Wazungu wake wa Kisumu, maneno yaliyoingia kichwani mwake pamoja na makofi, na mpaka upepo utulie hakukumbuka Kiswahili wala Kijaluo.

Jumapili mchana, baada ya kanisa, nilimfundisha Mical Kiingereza. Aliishia darasa la saba, na matroni alikuwa amemwambia kwamba akiweza kusoma na kuandika vizuri angempendekeza kwenye mafunzo ya wasaidizi wa wauguzi. Tulikaa kizingitini, yeye na daftari gotini, mimi na kalamu yangu nyekundu niliyoinunua kwa ajili hiyo tu. Nilimpa maneno, naye akaandika maana. Jumapili moja nilimpa maneno ya kazi yetu, sabuni, ndoo, pasi, shiti. Nilipochukua daftari kusahihisha niliona ameandika maana mbili mbele ya shiti. Nguo ya kitanda. Kamba ya tanga. Nikaweka alama ya kosa kwenye hiyo ya pili, mistari miwili iliyokatana, kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Hiyo Jaduong' ndiye alinifunza," Mical alisema.

"Jaduong' amesoma mpaka wapi?"

"Hajasoma. Lakini amefanya na Wazungu."

"Shiti ni nguo. Kama kuna kitu kwa mashua kinaitwa shiti, basi ni tanga lenyewe, kwa sababu tanga ni nguo. Kamba haiwezi kuwa shiti."

"Lakini yeye akisema shiti, mimi naachia kamba, na mashua inatulia."

"Basi mashua nayo haijui Kiingereza."

Alicheka, akasema, "Sawa, mwalimu." Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kuniita mwalimu, na nilitembea na neno hilo wiki nzima kama mtu aliyepewa nguo mpya.

Jumatano ile mikono ya Mical ilikuwa imevimba. Dawa ya madoa ilikuwa imeingia kwenye nyufa za vidole, na alikuwa amevifunga kwa vitambaa. Matroni aliniambia niende nao ili mizigo isimshinde. Asubuhi ziwa lilikuwa tulivu, tukavuka vizuri, nami nikaanza kujiona mjinga kwa kuwa nimeogopa miezi yote ile. Kule zahanati walitupa uji na viazi vitamu, na nakumbuka Mical akinimenyea kiazi kwa ncha za vidole huku akilalamika kwamba wagonjwa wana afadhali, wao hulishwa. Tulipoanza kurudi ilikuwa kama saa tisa mchana. Nyuma, penye usukani, aliketi Jaduong'. Mbele yake, upande wa juu, tuliketi sisi wawili, na katikati yetu matita mawili ya shiti chafu. Kwa kawaida Mical ndiye alishika ile kamba. Siku hiyo aliichukua, akakunja uso. Nikamwambia anipe mimi.

"Utaweza?" Jaduong' aliuliza.

"Nimetoka kwa ng'ombe, Jaduong'. Kamba najua."

Na ndivyo nilivyoishika, kama mtu anayejua kamba za ng'ombe. Kwetu, ukishika kamba ya fahali huiachii hata akikuburura. Unaizungusha kwenye mti wowote ulio karibu, mti ndio uumie. Upande wa chini, mkabala na magoti yangu, palikuwa na kigingi. Nikaizungusha mara mbili. Jaduong' aliona. "Usifunge," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Hiyo kamba haifungwi. Unaishika na mkono tu." Nikaifungua. Alipogeuza macho kutazama mbele, nikaizungusha tena, maana ilikuwa inanikata kiganja. Mical aliniona nikifanya hivyo. Alitaka kusema kitu, kisha akaacha. Nadhani hakutaka nikemewe mara ya pili.

Upepo ulitoka upande wa Mlima Homa. Niliona maji kule mbali yakigeuka meusi, na weusi huo ukitujia kwa kasi, na sikujua ni kitu gani. Mashua ililala upande mmoja ghafla, ukingo wa chini ukaanza kunywa maji, na nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Shiti! Achia shiti!"

Nilitii. Nataka hilo lieleweke. Niliachia shiti. Nilishika tita la kwanza kwa mikono miwili nikalisukuma ziwani, nikiwaza kwamba anataka tupunguze mzigo.

"Shiti, wewe! Achia! Achia shiti!"

Nikasukuma la pili. Lilifunguka, na shiti zikatandazika juu ya maji. Nikageuka kumwonyesha Jaduong' kwamba zimekwisha, na nikauona uso wake. Wakati huo Mical alikuwa tayari amesimama. Yeye ndiye aliyeelewa. Alinipita, akateremka upande wa chini ambako kigingi kilikuwa kimeshazama, akaingiza mikono yake iliyofungwa vitambaa majini, akaanza kupapasa kamba yangu. Upande ule wa juu, alipokuwa ameketi kwanza, ndio ulionipa mimi kitu cha kushikilia mashua ilipopinduka. Tanga lilimwangukia yeye.

Jaduong' alipiga mbizi mara nyingi sana. Mimi nilikuwa nimekumbatia tumbo la mashua na niliona kichwa chake kikitokea, kikivuta pumzi, kikizama tena, mpaka wavuvi waliotufikia kwa makasia walipomvuta kwa nguvu wakamlaza ndani ya mtumbwi wao. Ufuoni alikaa mchangani akitetemeka. Watu walikuwa wengi, wanawake wameanza kulia. Aliniuliza, bila hasira, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza. "Nyathina, shiti ni kamba. Mical hakukwambia?"

Nyathina ni mtoto wangu. Aliniita mtoto wake, nami nikamjibu, "Hakuniambia."

Siku ya tatu alionekana kwenye gugumaji, karibu na mahali wanawake huchotea maji. Siku ya nne niliitwa kituoni kuandika taarifa. Askari aliyenihoji alikuwa kijana wa bara, mpole, aliyechanganyikiwa. Mbele yake palikuwa na taarifa ya Jaduong', mistari michache tu. "Huyu mzee anasema mashua ilipinduka kwa sababu shiti haikuachiwa," alisema. "Nimemwuliza nani alikuwa ameishika. Anasema yeye ndiye nahodha. Nimemwuliza shiti za hospitali zinapinduaje mashua. Amekataa kuongea. Wewe ulikuwepo. Shiti iliachiwa, ama haikuachiwa?"

Hapo nilikuwa nimejua kwa siku nne. Nilijua askari anaulizia nini na Jaduong' alimaanisha nini. Ningeweza kumweleza kwa dakika moja. Nikasema, "Iliachiwa. Niliachia mimi mwenyewe, matita yote mawili. Wavuvi walizikuta zikielea."

Akaandika. Wavuvi waliulizwa, nao wakakubali kwamba shiti zilikuwa zinaelea kila mahali. Kwa hiyo mzee alikuwa amedanganya, na kama amedanganya kwa hilo, basi huenda alikuwa amelewa. Alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe, akawekwa rumande Homa Bay. Watu wengi wamenidanganya katika maisha yangu, na mimi pia nimedanganya, lakini sijui uongo uliokamilika kama ule, ambao kila neno lake lilikuwa kweli.

Nilirudi kwenye mapipa. Matroni aliniletea msaidizi, mama mtu mzima asiyependa mazungumzo. Nilikoroga, nikasuuza, nikaanika. Kitanda cha Mical kilibaki kama alivyokitandika Jumatano ile asubuhi, na kila nilipokitazama nilijiambia kwamba kesho nitasema. Omena sikuwagusa tena, nikaanza kuishi kwa chai na mkate. Siku moja nilimsikia matroni kupitia ukuta akimwambia daktari kwamba mzee wa mashua anaumwa kifua huko ndani, na kwamba hadi sasa amekataa kusema nani alikuwa ameshika nini. "Anamkinga mtu," matroni alisema. Daktari akauliza nani. Matroni hakujibu, na ule ukimya wake ulipita kwenye mbao ukanifikia pale nilipokuwa nimeinama juu ya birika. Naamini alijua nasikiliza.

Wiki ya saba nilianza kukusanya vitu vya Mical ili nimpe matroni avifikishe kwao. Gauni mbili, kitabu cha nyimbo, kopo la mafuta ya kujipaka, na lile daftari. Nililifungua nikisimama. Sikuwa nikitafuta kitu, nilitaka tu kuuona mwandiko wake. Likafunguka pale penye tundu la kalamu yangu. Nguo ya kitanda. Kamba ya tanga. Na chini yake, kwa penseli, bila mimi kuwahi kuona, alikuwa amerudia kuandika mara tatu neno shiti na maana moja tu, ile ya kitanda, kama mwanafunzi mtiifu anayerekebisha kosa. Nilikaa kitandani kwake. Kisha nikaenda kwa matroni kumwomba ruhusa ya kwenda Homa Bay.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Jaduong' aliletwa akiwa amekonda, koti limemzidi. Nilipopanda kizimba cha mashahidi niliuona pia uso nisioujua katika benchi la mbele, mwanamke mwenye mwanya. Nilisema yote. Nilisema kamba niliishika mimi, niliifunga baada ya kukatazwa, na shiti niliyoachia haikuwa ile. Hakimu alinisimamisha. "Shiti ni nini?" aliuliza, na karani akaacha kuandika. Nikamweleza. Akamgeukia mshtakiwa na kumwuliza kama ni kweli. Jaduong' alisema kwamba katika mashua shiti ni kamba, ndivyo alivyofundishwa. Hakimu akaniuliza kama mtu yeyote aliwahi kuniambia hivyo kabla ya siku ile.

"Mical aliniambia," nilisema. "Nilimwambia amekosea."

Mashtaka yaliondolewa wiki iliyofuata. Mimi sikushtakiwa. Waliniambia kutojua neno si kosa, na sikuwa na nguvu ya kuwaeleza kwamba nililijua. Jaduong' hakurudishwa kazini, maana hospitali haikutaka mashua tena. Iliachwa ufuoni, watu wakachukua mbao zake kidogo kidogo kupikia. Alibaki nyumbani akishona nyavu za wengine na kukohoa. Miaka iliyofuata nilimtembelea mara mbili. Alinikaribisha, tukaongea habari za mvua. Wala hakuwahi kunitupia lawama, wala mimi sikuthubutu kumwomba radhi, na sasa amekufa.

Lakini siku ile ya ushahidi, nje ya korti, yule mwanamke mwenye mwanya alinisubiri. Alikuwa Mama Mical. Alichuuza samaki sokoni Kendu Bay, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha binti yake. "Kesho lete vitu yake," alisema, akaenda zake.

Nilikwenda mchana. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imesiribwa vizuri, na mbele yake kaburi bado halijaota nyasi. Alipokea lile furushi, akaliweka kitandani bila kulifungua, akanionyesha kigoda. Akaleta maji ninawe. Kisha akaleta kuon, na samaki mzima, ngege, aliyechemshwa na kuachwa na kichwa chake, sahani moja. Akakaa mbele yangu, mikono mapajani. Nikamwambia sina njaa.

"Kula."

Nikamega. Alinitazama kila tonge. Nilipopunguza mwendo alinyoosha mkono akageuza samaki upande wa pili, wenye nyama, akausukuma kwangu. Nilitaka kusema maneno niliyoyaandaa usiku kucha, nikaanza, "Mama, mimi..." Akatikisa kichwa. Kulikuwa na kuku wawili mlangoni, na mahali fulani mtu alikuwa anatwanga. Nilikula mpaka sahani ikabaki mifupa. Yeye mwenyewe hakuonja. Akaleta maji tena, akaninawisha mwenyewe, akishika vidole vyangu kimoja kimoja, akivitazama. Vilikuwa vimeanza kupasuka.

Alinisindikiza mpaka kwenye njia. Pale alisimama, akajifunga leso yake vizuri kiunoni.

"Watu watakuuliza kama ulikuja kwangu," alisema. "Wewe utasema ulikuja. Lakini usiseme nimekusamehe. Mimi sijakusamehe. Nimekulisha tu."